Kushindwa kwa Tajiri

Wahenga walisema fedha ilivunja nguu, mlima ukalala. Mtu aliyeufuata mchezo wa besiboli katika jiji la New York kwa miaka mingi, kama mimi, huupokea usemi huu kwa tahadhari. Timu ninayoipenda, New York Mets, imemwaga fedha mara nyingi, na mlima umesimama pale pale. Tangu ilipotwaa ubingwa mwaka 1986 hadi kumalizika kwa msimu wa 2025, haikuupata tena. Hata hivyo, linalotuuma mashabiki si kushindwa peke yake. Kuna kushindwa kwa maskini na kuna kushindwa kwa tajiri, na uchungu wake si mmoja.

Mets ilianza na ule wa maskini. Baada ya msimu wa 1957, timu mbili za jiji hili, Dodgers na Giants, zilihamia California na kuwaacha wapenzi wao yatima. Mets iliundwa mwaka 1962 kuziba pengo hilo, na wachezaji wake wengi walikuwa wale ambao timu nyingine zilikuwa tayari kuachana nao. Msimu huo ilishinda michezo 40 na kupoteza 120. Lakini watu waliipenda! Meneja wake, mzee Casey Stengel, aliwachekesha waandishi wa habari, na mashabiki walicheka pamoja na timu yao badala ya kuicheka. Ilipotwaa ubingwa mwaka 1969, furaha ilikuwa ya watu waliokula chumvi pamoja.

Sasa tazama mwaka 1992. Desemba 1991 Mets ilimsajili Bobby Bonilla kwa mkataba wa miaka 5 wenye thamani ya dola milioni 29, mkubwa kuliko wowote katika besiboli wakati huo. Wakaja pia Eddie Murray, mpigaji mwenye jina kubwa, na Bret Saberhagen, mrushaji aliyekwisha kupata mara 2 tuzo kuu ya warushaji. Matokeo? Michezo 72 ya kushinda na 90 ya kupoteza. Mwaka uliofuata ilipoteza 103. Hesabu hizo ni nafuu kuliko zile za 1962, lakini safari hii hakuna aliyecheka. Bonilla, mzaliwa wa Bronx, mtoto wa jiji aliyerudi nyumbani, alizomewa mpaka akaonekana uwanjani ameziba masikio kwa vizibo.

Kwa nini wale wa kwanza walisamehewa na hawa wakazomewa? Naona sababu ni kwamba fedha ni ahadi. Maskini akishindwa tunasema hakuwa na kitu, na jambo linaishia hapo. Tajiri akishindwa tunajiona tumedanganywa, ingawa hakuna aliyetudanganya. Bei ya mchezaji hutangazwa magazetini kabla hajagusa mpira, na tangu siku hiyo kila kosa lake tunaligawa kwa dola.

Tukiuchunguza utaratibu wenyewe, tutaona kwamba mchezaji hana hatia. Zamani timu iliweza kummiliki mchezaji bila kikomo. Uamuzi wa msuluhishi Peter Seitz, mwaka 1975, ulifungua mlango, na leo mchezaji huwa huru kujiuza baada ya kutumikia miaka 6 katika ligi kuu. Hiyo ni haki yake. Lakini kufikia hapo wengi wanakaribia miaka 30 au wameipita, na bei yao hupangwa kwa mambo waliyokwisha kuyafanya. Mnunuzi hulipia mavuno ya jana, na huenda shamba limeanza kuchoka.

Somo hilo lilirudiwa mwaka 2023. Steve Cohen, tajiri aliyeinunua timu mwaka 2020, alipandisha mishahara hadi zaidi ya dola milioni 330, kiwango ambacho besiboli ilikuwa haijapata kukiona. Msimu ulipoanza, warushaji wawili, Max Scherzer mwenye miaka 38 na Justin Verlander mwenye miaka 40, walikuwa wakilipwa takribani dola milioni 43 kila mmoja kwa mwaka. Agosti ilipoanza, wote wawili walikuwa wamekwisha kupelekwa timu nyingine, huku Mets ikiendelea kubeba sehemu ya mishahara yao. Timu ilishinda 75 na kupoteza 87. Mwaka huo huo Baltimore Orioles, mmoja wa walipaji wadogo kabisa katika ligi, ilishinda 101.

Nisieleweke vibaya, ndugu msomaji. Fedha hushinda pia: Dodgers, matajiri wa Los Angeles, walitwaa ubingwa mwaka 2024 na 2025. Ila wao walikuwa na shina kabla ya matawi. Clayton Kershaw walimchukua akiwa kijana mwaka 2006, akabaki nao mpaka alipostaafu mwaka 2025. Tena besiboli si kama soka, ambapo mpira unaweza kumtafuta nyota wakati wowote. Hapa kila mpigaji husubiri zamu yake, 1 kati ya 9. Desemba 2024 Mets ilimpa Juan Soto mkataba wa miaka 15, dola milioni 765. Naye alitimiza wajibu wake, akapiga mipira 43 nje ya uwanja. Katikati ya Juni 2025 hakuna timu iliyokuwa mbele ya Mets katika ligi nzima. Siku ya mwisho ya msimu ilifungwa 4-0 na Miami na kukosa mchujo. Zamu nyingine 8 na mikono ya warushaji, Soto angezifanyia nini?

Ninachotamani kwa timu yangu ni subira ya kulea vijana, na fedha zije kukamilisha kazi hiyo. Gharama ya haraka tunaijua. Mwaka 2000, badala ya kumlipa Bonilla dola milioni 5.9 alizokuwa akidai, Mets iliahirisha deni kwa riba ya asilimia 8. Tangu 2011 anapokea karibu dola milioni 1.2 kila tarehe 1 Julai, na malipo hayo yamepangwa kwisha mwaka 2035. Mashabiki vijana ambao hawakuwahi kumwona akishika gongo wanaijua tarehe hiyo kwa moyo.