Jamii ya viumbe wa matopeni katika delta ya Rufiji

Jamii ya viumbe wa matopeni ni mkusanyiko wa kaa, konokono, minyoo, kamba na bakteria waishio juu ya sakafu ya bahari au ndani yake, ambao maisha yao yamefungamana kiasi kwamba taka ya mmoja ni chakula cha mwingine. Katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, jamii hiyo imeshikizwa na msitu wa mikoko wa takribani hekta 50,000, ambao tangu 2004 umo katika eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa linalotambuliwa na Mkataba wa Ramsar, yaani mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ardhi oevu.

Jani la mkoko linapoanguka huwa gumu na lenye tanini, kemikali chungu inayowazuia wanyama wengi kulila. Kaa hulikokota hadi shimoni kabla maji kujaa hayajalichukua, na kinyesi chake huwalisha bakteria na minyoo. Tondo (*Terebralia palustris*), konokono mkubwa wa mikokoni, hulishindania jani hilohilo: akiwa mchanga hukwangua mwani mdogo juu ya matope, lakini meno ya ulimi wake hubadilika kadiri anavyokua hata akaweza kutafuna majani. Katika Ghuba ya Gazi, Kenya, watafiti wameona kaa wakiwapokonya tondo majani waliyokwisha kuanza kuyala.

Mashimo ya kaa yana faida pana kuliko makazi. Matope hayo hukosa oksijeni karibu tu na uso wake, na bakteria wa chini hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza, ambayo ni sumu kwa mizizi. Maji yanayoingia na kutoka mashimoni hupeleka oksijeni chini na kuondoa chumvi iliyorundikana, hivyo mti unaomlisha kaa hunufaika naye.

Kamba weupe hutaga baharini, mabuu wao huingia vijitoni na kukulia kati ya mizizi, kisha hurudi baharini wakikaribia kupevuka. Kwa hiyo mikoko inapofyekwa ili kulima mpunga, hasara humfikia hata mvuvi wa mbali. Na sumu inayomwagwa mashambani kuua kaa wakata miche huhatarisha pia kamba wachanga, kwa kuwa maji ya mashamba hayo huishia vijitoni.