Nembo za Koo za Ulaya katika Vyombo vya Kaure vya Uchina

Mwenye kutafuta tarehe ya chombo cha kale aghalabu hana shahidi ila chombo chenyewe. Kwa hiyo vyombo vya kaure vilivyofanywa Uchina na kutiwa nembo za koo za Ulaya vyastahili kuangaliwa kwa makini, maana ushahidi wake ni wazi kuliko wa vingine. Neno letu nembo, ambalo asili yake ni chale za mwilini zitambulishazo kabila, lafaa sana hapa.

Waliotangulia kuagiza ni Wareno. Vyombo vyenye alama za Mfalme Manuel I vyakadiriwa kuwa vya mnamo 1520, na katika baadhi yake alama hizo zimechorwa juu chini. Biashara ilistawi hasa katika karne ya 18, wanunuzi wakubwa wakiwa Waingereza. Vyombo vilifinyangwa na kuchomwa Jingdezhen, kisha vikapelekwa vyeupe hata Guangzhou. Huko wachoraji walitia nembo kwa rangi, navyo vikachomwa mara ya pili kwa moto mdogo zaidi. Manahodha na makarani wa merikebu walipokea maagizo haya kwa biashara yao wenyewe, wakichukua mchoro uwe kielelezo.

Leake Okeover wa Staffordshire alipeleka mchoro wa rangi, akaagiza urudishwe. Ulirudi, ukahifadhiwa, nasi twaona jinsi sahani zilivyoufuata mstari kwa mstari. Uaminifu huo ulikuwa na hatari yake: viko vyombo ambavyo majina ya rangi, yaliyoandikwa katika kielelezo ili kumwongoza mchoraji, yamenakiliwa kana kwamba ni sehemu ya nembo. Mkono uliona umbo, wala haukusoma neno.

Faida kwa mwanahistoria ni hii. Kwa kanuni za Kiingereza, mume aliyeoa huweza kuunganisha nembo yake na ya ukoo wa mkewe katika ngao moja. Okeover alioa mwaka 1730. Basi sahani zenye nembo za koo hizo mbili haziwezi kutangulia mwaka huo. Kwa kukusanya ndoa, vifo na vyeo vya namna hii, wataalamu wamepanga mfuatano wa rangi na nakshi za pambizoni, na kwa mfuatano huo wakapata tarehe za vyombo visivyo na nembo.

Mwaka 1791 Kampuni ya Kiingereza ya Indi ya Mashariki iliacha kununua kaure kwa jumla, na viwanda vya Ulaya vikashika nafasi.

Katika pwani yetu pia, tangu James Kirkman alipoanza kuchimba Gedi mwaka 1948, vigae vya Kichina vimetegemewa sana katika kupanga tarehe za magofu. Lakini sahani hutunzwa na kurithiwa. Yaweza kukaa zidakani vizazi kadhaa kabla ya kuvunjika au kujengewa kaburini. Kwa hiyo kaure hutuambia mwaka ambao jambo haliwezi kuutangulia. Haituambii lilitendeka lini.