Mlo wa shule Kajiado: Njaa na unene ni utapiamlo

EWUASO KEDONG, nyuma ya milima ya Ngong katika Kajiado Magharibi, ni nchi ya wafugaji. Mvua ikikosekana, maziwa hupungua na mtoto hutegemea sufuria ya shule. Mjini Kitengela, katika kaunti iyo hiyo, mwanafunzi mwenye shilingi chache mfukoni hukutana na chipsi na soda akitoka langoni.

Hali ya kwanza huitwa njaa na ya pili hudhaniwa kuwa neema. Kitaalamu, zote mbili ni utapiamlo.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini Kenya walikuwa wamedumaa, na asilimia 3 pekee walikuwa na uzito kupita kiasi. Lakini miongoni mwa wanawake wa miaka 15 hadi 49, wenye uzito wa ziada walifika asilimia 45, kutoka 33 mwaka wa 2014. Unene huo, basi, huanza baada ya utoto, na shule ndiyo iliyo katikati. Isitoshe, wataalamu wa lishe huonya kuwa aliyedumaa utotoni hunenepa kwa urahisi akihamia vyakula vya mafuta na sukari.

Mpango wa chakula shuleni ulianzishwa 1980 kwa ushirikiano na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP), ukilenga maeneo kame. Serikali ilianza kununua chakula cha humu nchini 2009, na WFP ikaiachia jukumu lote 2018. Kipimo cha mtoto kimekuwa gramu 150 za nafaka, 40 za maharagwe na 5 za mafuta.

Githeri hiyo hainenepeshi mtu. Upungufu wake ni mboga na matunda, na katika nchi kame bustani ya sukumawiki yahitaji maji ambayo hata ya kunywa ni haba.

Hatari iko kibandani. Chupa ya kola ya mililita 300 ina takribani gramu 30 za sukari, yaani vijiko saba au vinane vya chai. Somo la Kilimo na Lishe sasa hufundishwa kuanzia Gredi ya Nne, ila halina uzito pale duka la shule lenyewe linapouza soda hiyo, tena mahali ambapo mfereji wa maji safi haupo.