Maji Matamu Si Lazima Yawe Safi

Hapa kwetu Kuruwitu, mtu akitaka kujua kama kisima ni kizuri, huonja. Maji yakiwa matamu watu hupanga foleni na mitungi. Yakiwa ya chumvi huachwa ya kufulia. Ulimi unaijua chumvi. Kinyesi haukijui, na hicho ndicho kinachotulaza na kipindupindu na homa ya matumbo.

Sababu iko chini ya miguu yetu. Tumejenga juu ya mawe ya matumbawe, yaliyojaa matundu na nyufa. Mchanga huyachuja maji polepole, lakini penye nyufa maji ya choo hufika kisimani kabla ya kuchujika. Ule umbali wa mita 30 kati ya choo na kisima tunaoambiwa kila siku ni afadhali kuliko kukosa, ila katika mwamba kama huu mimi siutegemei. Visima vya Kisauni, Mombasa, vilipochunguzwa miaka ya 2000, vilikutwa na vijidudu vya kinyesi.

Kwa hivyo, ikiwa pesa ni za kipimo kimoja tu, pima vijidudu hivyo. Shirika la Afya Duniani linataka asiwepo hata mmoja wa aina ya E. koli katika mililita 100 za maji. Kinachofuata ni naitreti, isiyofaa kuzidi miligramu 50 kwa lita. Hutokana na vyoo na mbolea, na hatari yake kubwa ni kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi naitreti wala chumvi.

Chupa ichukue maabara, iliyokwisha kutakaswa. Ya soda, hata uisuuze vipi, itakudanganya. Usiguse mdomo wake wala ndani ya kifuniko. Itie kwenye barafu, ifike ndani ya saa 6, na ikishindikana isizidi 24. Na upime wakati wa mvua za masika, uchafu unapoteremka. Majibu mazuri ya Februari hayakuambii lolote kuhusu Mei.

Wenye mfereji nao wasijione wamepona. Maji mengi ya mifereji ya Malindi na Kilifi hutoka Baricho, kando ya Mto Sabaki, na hutiwa klorini. Lakini mfereji ukikauka siku tatu twanywa ya tangi, na tangi lenye kifuniko kilichopasuka huingia mijusi na vinyesi vya ndege. Chukua chupa mbili: moja penye mita, nyingine jikoni. Ya mita ikiwa safi na ya jikoni chafu, usiilaumu kampuni ya maji, osha tangi lako.

Anayenunua kwa mtungi amuulize muuzaji cheti cha maabara, na asome tarehe yake kabla ya kulipa.