Wathai waliuchonga ujuzi wa kukanda kwenye mawe, sisi tumewaachia bibi zetu

Kila tarehe 31 Agosti Afrika huadhimisha Siku ya Tiba Asili, desturi iliyoanza mwaka 2003. Kwenye mabanda hupangwa mizizi, magome na chupa za unga. Mkandaji simwoni, maana mali yake ni vidole vyake, na vidole havifungashwi.

Huku Mwamanyili, mkoani Simiyu, aliyeteguka kifundo shambani kwenye pamba hupelekwa kwa bibi anayejua kuchua. Maji moto, kitambaa, mafuta, kisha kidole gumba kinaanza kuutafuta mshipa. Mara nyingi bibi huyohuyo ndiye mkunga, ndiye pia anayemkanda mzazi kiuno na tumbo.

Simon de La Loubère, mjumbe wa mfalme wa Ufaransa, alifika Siam, Thailand ya leo, mwaka 1687. Aliandika kwamba mtu akiugua kule huanza kwa kumwita fundi wa kukanda, naye fundi humpanda mwilini na kumkanyagakanyaga. Hata mjamzito, anasema, hukanyagwa na mtoto mdogo ili ajifungue kwa wepesi. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka baba akirudi kulima, analala kifudifudi, anatuita watoto tumpande mgongoni.

Wathai wenyewe humtaja Jivaka, tabibu wa zama za Buddha, kuwa ndiye mwasisi wa ukandaji huo. Hiyo ni hadithi ya mapokeo. Kilichothibitika ni kwamba mwaka 1767 majeshi ya Burma yaliteketeza mji mkuu wa Ayutthaya, na maandiko mengi yakapotea. Walijua uchungu wa kupoteza. Mwaka 1832 Mfalme Rama III alianza kulikarabati hekalu la Wat Pho, Bangkok, akaagiza elimu ya mabingwa ikusanywe na kuchongwa kwenye mabamba ya mawe. Mabamba 60 ni ya kukanda tu: umbo la mtu mbele na nyuma, mistari iitwayo sen, na kila mahali pa kubonyeza. Ujuzi ambao kwingine hunong'onezwa mtoto mmoja wa ukoo uliwekwa ukutani, anayepita ausome. Kila nikifika hapo katika kusoma husita, kwa wivu.

Kwao mgonjwa hulala mkekani na nguo zake, bila mafuta. Fundi hutumia vidole gumba, viwiko, magoti na nyayo, akivuta na kukunja viungo kwa kuzifuata sen kumi kuu. Maumivu ya mgongo hupungua, shingo hulegea. Mfupa uliovunjika au mguu wenye damu iliyoganda haukandwi. Mwenye hayo ni wa hospitali.

Shule ya Wat Pho ilifunguliwa mwaka 1955, na Desemba 2019 UNESCO ikaitambua sanaa hiyo kuwa urithi wa binadamu.

Kwetu Tanzania, utafiti wa tiba asili ulianza Muhimbili mwaka 1974, na sheria yake ikapitishwa mwaka 2002. Wakati huohuo kina mama walihimizwa kujifungulia vituo vya afya, na ilikuwa haki, kwa kuwa wakunga wa jadi hawana damu ya kuongeza wala chumba cha upasuaji. Lakini mkunga alipowekwa kando, mikono yake iliyojua kiuno, bega na kifundo iliwekwa kando pamoja naye, na sikusikia aliyeiulizia.

Wakandaji waliobaki ni wazee. Agosti ijayo mmoja wao atandikiwe mkeka kwenye banda la maonyesho, na kijana mwenye daftari akae ubavuni kwake.