Lori Lililokwenda Kagera

Karatasi yenyewe haifiki ukubwa wa kiganja. Imekunjwa mara nne, ikatiwa kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko ukatiwa kwenye kopo la majani ya chai. Mzee aliyenitolea alikuwa utingo wa lori la tani saba lililokuwa likishusha ndizi na maharage Kariakoo, na hadi leo anakaa chumba cha uani, Mtaa wa Sikukuu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniwekea karatasi mkononi taratibu kama anayekabidhi yai. Mhuri upo, ingawa duara lake limebaki nusu. Sahihi ipo. Tarehe imeliwa na unyevu, imesalia 11 peke yake. Hiyo ni siku au ni mwezi?

Yeye anasema ni mwezi: Novemba 1978, lori la tajiri wake lilipochukuliwa kubeba askari na chakula kwenda vitani Kagera. Inawezekana kabisa, maana magari ya watu binafsi na ya mashirika yalichukuliwa mengi siku zile. Lakini mimi sikwenda kutafuta lori. Nilikuwa natafuta maneno matatu. Muulize mtu yeyote wa rika lake Mwalimu Nyerere alisema nini tarehe 2 Novemba mwaka ule, atakujibu bila kufikiri: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Muulize wa pili, atayapanga vingine. Muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo alianza na sababu. Msukuma mkokoteni, ambaye mwaka huo hata mama yake nadhani alikuwa hajaolewa, alianza na nia. Kwenye sauti iliyohifadhiwa, uwezo ndio unaotangulia. Mimi ningeuweka mwisho. Siku ile, uwezo huo ulikuwapo kweli?

Kwanza nilitaka kujua mahali. Mzee alishikilia kwamba alimwona Mwalimu Mnazi Mmoja kwa macho yake. "Tulijaa pale kama siafu," alisema. Simulizi inayokubalika zaidi inaiweka hotuba ile Ukumbi wa Diamond Jubilee, Upanga, mbele ya wazee wa Dar es Salaam. Sikumbishia. Nilimuuliza kitu kimoja tu: mzee, mlikaa au mlisimama? "Tulisimama, mwanangu. Barabarani. Redio ilikuwa dirishani, duka la kona." Basi. Mnazi Mmoja hapako mbali na duka hilo, na mikutano mikubwa ya miaka mingi ilifanyika pale. Sauti imetoka dirishani, ikahamia uwanjani. Kama kumbukumbu inaweza kuhamisha ukumbi mzima, imehamisha nini kingine?

Nikakimbilia magazeti, kwa imani ya kitoto kwamba karatasi haisahau. Kuna jumba moja la kuhifadhia magazeti ya zamani, sitalitaja. Siku ya pili fungu la Novemba lililetwa, kamba yake ikiacha unga kila inapoguswa. Ukurasa wa mbele wa toleo nililolitaka ulikuwa umekatwa kwa wembe: mraba safi, kona zimenyooka, pale ambapo picha hukaa. Aliyeukata hakuwa na haraka. Nilichungulia kwenye tundu lile nikaona matangazo ya biashara ya ukurasa wa tatu. "Ndivyo tulivyolikuta," mhudumu akaniambia, akafunga kamba. Nani alitaka kubaki na tangazo la vita nyumbani kwake?

Bila ukurasa ule, nilirudi kwenye simulizi tuliyofundishwa shuleni. Nduli Idi Amin, mtawala wa Uganda, aliamka asubuhi akatuvamia. Mambo ya msingi hayana ubishi. Oktoba 1978 ndege za Uganda zilidondosha mabomu Bukoba. Tarehe 30 Oktoba majeshi yake yaliingia kwa nguvu. Tarehe 1 Novemba Kampala ikatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800, sasa ni ya Uganda. Tarehe 3, siku moja tu baada ya hotuba, daraja la Kyaka likavunjwa. Wanavijiji wapatao 1,500 wanakadiriwa kuuawa. Katikati ya maafa hayo Amin akapendekeza amalizane na Nyerere kwenye ndondi, mwamuzi awe Muhammad Ali. Watu wa Kariakoo bado wanalicheka hilo, na wakishacheka wanasema alikuwa kichaa. Hapo ndipo ninaposita. Kichaa hukaa Ikulu miaka minane?

Simulizi nyingine zipo, kila moja na wenyewe. Ya kwanza inasema jeshi la Uganda lilikuwa linameguka: makamu wa rais aliumia kwenye ajali ya gari Aprili 1978, wanajeshi waliomtii wakanuna, maasi yakazuka kambi za kusini, na waliotumwa kuyazima wakawafukuza waasi hadi ng'ambo ya mpaka. Watafiti wengi wanaelekea huko. Ya pili ilitoka redio ya Kampala: Tanzania ndiyo iliyoanza. Hiyo ni ngumu kuimeza, kwa sababu vikosi vyetu Kagera vilikuwa vichache mno, kiasi kwamba uvamizi ulipokuja haukupata wa kuuzuia. Ya tatu niliipata kwenye meza ya kahawa Msimbazi, na baadaye nikaikuta pia kwa waandishi: ugomvi wa pombe mpakani, afisa mmoja akapigwa, akaita wenzake. Nzuri kusimulia. Lakini hata tukiikubali ya kwanza, inaeleza kuvuka tu. Anayefukuza waasi ana haja gani ya kutangaza mpaka mpya?

Niliyapanga matukio kwa miaka. Mwaka 1972 Waasia wa Uganda walipewa siku 90 kuondoka, na biashara ya nchi ikaondoka nao. Februari 1976 Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya; Wakenya wakaandamana, wapakuzi wa bandari ya Mombasa wakagoma kugusa mizigo ya Uganda, naye akalegeza kauli. Julai mwaka huohuo Uingereza ilivunja uhusiano. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa. Oktoba 1978, mwezi uleule wa uvamizi, Marekani ikapitisha sheria ya kuzuia biashara na Uganda, na kahawa ndiyo iliyokuwa roho ya nchi ile. Kupishana kwa siku chache si ushahidi. Nimekwisha kujikwaa kwenye mitego ya aina hiyo. Hata hivyo, ninachokiona ni mtawala ambaye kila mlango ukifungwa anapiga teke ukuta wa jirani, anasubiri, anaona kama jirani atajibu. Kenya ilijibu kwa bandari. Tanzania alikuwa amekwisha kuipiga teke lini?

Jibu lilinipeleka nisikotaka kwenda, yaani nyumbani. Amin alipopindua serikali tarehe 25 Januari 1971, Milton Obote, rais aliyepinduliwa, alikuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Alipokewa Dar es Salaam, na serikali yetu ikakataa kuutambua utawala mpya. Tarehe 17 Septemba 1972 wapiganaji wa Kiganda waliokuwa uhamishoni walivuka kutoka Tanzania kuelekea Masaka na Mbarara. Kulikuwa na mpango wa kuwashusha wengine Entebbe kwa ndege ya East African Airways iliyochukuliwa hapahapa Dar. Ilipotua Kilimanjaro matairi yakapasuka, mpango ukafia uwanjani. Uvamizi ulishindwa. Ndege za Amin zikapiga Bukoba na Mwanza, Somalia ikaingia kati, na tarehe 5 Oktoba 1972 ukatiwa saini Mkataba wa Mogadishu: kila upande urudishe majeshi kilomita 10 nyuma ya mpaka, na usiwape hifadhi ya vita maadui wa mwenzake. Nilimsomea mzee sehemu hiyo. Alinyamaza muda mrefu, akakuna goti. "Hiyo ya ndege," akaniuliza, "mbona redioni hatukuisikia?"

Sisemi kwamba mambo ya 1972 yanahalalisha ya 1978. Wapiganaji wa uhamishoni na kumegewa nchi ni vitu viwili tofauti. Ila anayetaka kufuata njia haruki kituo kwa sababu kinamwaibisha, na mpaka wenyewe ni kituo cha zamani zaidi. Uingereza na Ujerumani ziliuchora mwaka 1890 kwa kufuata latitudo ya digrii 1 kusini, mstari ulionyooka kama wa rula, ambao haukuujali mto uliokuwa ukipita chini yake. Mwaka 1915 mataifa hayohayo yakapigana pale, na Juni Waingereza wakaishambulia Bukoba. Mwaka uliofuata waliichukua Dar es Salaam, wakawaweka wapagazi wao wa Carrier Corps kwenye eneo tunaloliita Kariakoo. Mtaa wa Mahiwa, hatua chache kutoka soko la Shimoni, una jina la mahali palipopiganwa mwaka 1917. Mizigo ya vita vya wenye nguvu imepitia hapa muda mrefu. Kwa nini basi tunaisimulia Kagera kana kwamba ilianza kwa kelele ya mtu mmoja?

Huenda kwa sababu wenye nguvu wengine walikuwa wengi mno kuwaweka kwenye wimbo. Libya ilipeleka askari zaidi ya 2,000 kumsaidia Amin. Machi 1979 ikaitaka Tanzania iondoke Uganda. Siku chache baadaye ndege yake kubwa ikaja kupiga matangi ya mafuta Mwanza, ikakosea, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Muungano wa Kisovieti ulikuwa umeuza silaha pande zote mbili: ndege za MiG kwa Amin, roketi za Katyusha kwetu. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umekubaliana Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka ya wakoloni isiguswe, lakini Amin alipoigusa haukumlaani. Badala yake ulituma wasuluhishi. Amin mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa umoja huo mwaka 1975. Na baada ya Kampala kuanguka, Aprili 1979, kwenye mkutano wa Monrovia mwezi Julai, Tanzania ndiyo iliyosemwa na Sudan na Nigeria kwa kuingia nchi ya mwenzake. Ikiwa klabu nzima ilikuwa inaangalia pembeni, uchokozi ulikuwa na hatari gani kwa mchokozi?

Hatari pekee ilikuwa lile neno la kwanza, uwezo. Tarehe 2 Novemba ulikuwa mdogo. Jeshi halikufika watu 40,000, na vikosi vingi vilikuwa mbali na Kagera. Miezi michache baadaye, pamoja na mgambo, lilipita 100,000. Hao walifika Kagera kwa reli na kwa malori yaliyoshushwa ndizi usiku, asubuhi yakapakiwa watu. Naamini Mwalimu alitangaza uwezo ambao ulikuwa bado umeegeshwa Kariakoo, Arusha na Mwanza, tangi nusu. Gharama inayotajwa mara nyingi ni dola milioni 500. Vita vilipokwisha tukaambiwa tufunge mkanda miezi 18, na kwa wengi mtaani miezi hiyo ilikwenda mpaka foleni za sukari na sabuni za miaka ya themanini. Na lori?

"Lilirudi," mzee alisema. "Injini ilirudi. Bodi hatukuiona." Tajiri wake aliifuatilia karatasi ile ofisi hadi ofisi, akachoka, akamwachia yeye, kisha akafariki. Niliipeleka mlangoni kwenye mwanga. Kushoto kwa 11 kuna doa ambalo laweza kuwa mkwaju, laweza kuwa wino tu. Kama ni mkwaju, mzee yuko sahihi: ni mwezi. Niliitazama mpaka macho yakauma, kisha nikamrudishia. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye nailoni, nailoni kwenye kopo. Nje, kondakta wa daladala alikuwa akiita abiria wa Mbagala. Mzee alibana kifuniko kwa kiganja, akanigeukia.

"Wewe umesoma, mwanangu. Hii bado inalipwa?"