Mwinda Kijana na Fundi Wake: F. C. Selous katika Nchi ya Wandebele, 1872

Katika habari za uwindaji wa tembo neno "fundi" lina historia yake. Zama za utawala wa Wadachi katika Tanganyika, watu waliotumwa porini na wafanyi biashara kwenda kuua tembo waliitwa mafundi, wala hawakuitwa hivyo kwa ajili ya shabaha yao tu. Wengi huliona neno hili kuwa la shina moja na kitenzi -funda na -fundisha. Na katika kazi yo yote ya mikono, iwe useremala, uashi au uundaji wa majahazi, fundi ni mtu aliyekwisha kutumika chini ya mwingine, na ambaye wengine hutumika chini yake. Kwa hiyo neno lenyewe lakumbusha jambo ambalo vitabu vya wawindaji wa Kizungu vya karne ya kumi na tisa hulipita upesi: kwamba mwinda hufundishwa, na kwamba mara nyingi aliyewafundisha wageni hao alikuwa Mwafrika.

Mfano mmoja ulioandikwa na mwanafunzi mwenyewe, bila ya kumficha aliyemfundisha, ni ule wa Frederick Courteney Selous. Habari zake zaanzia mbali na pwani ya Waswahili, lakini zaishia katika nchi ya Rufiji.

Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba, 1851, akasoma katika shule ya Rugby. Tangu utoto alisoma vitabu vya Livingstone na vya mwinda Baldwin, na yasimuliwa kwamba usiku mmoja mwalimu wake alimkuta amelala juu ya sakafu tupu karibu na kitanda chake. Alipoulizwa sababu akajibu kuwa anajizoeza, kwa kuwa siku moja atakuwa mwinda katika Afrika. Msomaji atacheka, lakini kisa hiki chaonyesha ujuzi ulivyofikiriwa na kijana yule: kwamba ni ugumu wa mwili pamoja na moyo wa kutaka, na kwamba mtu aweza kujipatia vyote viwili peke yake. Alipotua Algoa Bay mwezi wa Septemba, 1871, akiwa na pauni 400 na umri usiotimia miaka ishirini, hakuwa na ujuzi mwingine ila huo.

Pori ndilo lililomkanusha kwanza. Mwaka 1872, alipokuwa njiani kwenda kaskazini, alimfukuza twiga kwa farasi mpaka akawapoteza wenzake na magari yao. Farasi naye akampotea. Alitembea siku kadhaa bila chakula wala maji, na usiku baridi ya kipupwe ikamtesa, kwani hakuwa na blanketi. Shabaha haikumfaa kitu. Alilokosa ni lile ambalo mtoto wa nchi ile hulijua kabla ya kujua kurusha mkuki, yaani kutazama nyuma mara kwa mara aendapo, ili njia ya kurudi asiione kuwa ngeni.

Alipofika Bulawayo akaenda kwa Lobengula, mfalme wa Wandebele, kuomba ruhusa ya kuwinda tembo. Lobengula alicheka, akamwuliza kama hakukusudia kusema vijipaa vidogo. Mwisho akamwambia aende po pote apendapo, kwa kuwa yeye ni mtoto tu. Selous aliyaandika maneno hayo kwa Kiingereza, na wasomaji wengi huyachukua kuwa mzaha wa mfalme juu ya uso usio na ndevu. Lakini katika lugha ya Wandebele, kama katika Kizulu iliyo jamaa yake, umfana na indoda si majina ya umri tu, bali ni vyeo. Katika nchi ile vijana waliwekwa katika vikosi, na kikosi hakikuoa mpaka mfalme atoe idhini yake. Mtu aliyeitwa "mtoto" na Lobengula hakuwa ametukanwa, alikuwa amepangwa mahali pake. Wala tusisahau kwamba mahali hapo palikuwa na faida yake, maana wawindaji wakubwa walichunguzwa waendako, na kijana huyu aliachwa aende apendapo kwa sababu hakudhaniwa kuwa na madhara.

Ndipo alipokutana na Cigar. Huyu alikuwa Mkhoikhoi, mmoja wa watu ambao Wazungu wa siku zile waliwaita kwa jina la dharau, "Hottentot". Jina la Cigar lenyewe ni la kupachikwa tu, nalo ndilo pekee ambalo kitabu cha Selous chalitaja. Zamani alikuwa mpanda farasi wa mashindano huko Grahamstown; baadaye akajifunza kuwinda tembo pamoja na William Finaughty, aliyekuwa bingwa wa kuwinda juu ya farasi. Lakini ilipofika mwaka 1872 zama za farasi zilikuwa zikipita. Tembo waliobaki walikuwa wamekimbilia nchi yenye mbung'o, ambako farasi hufa, na aliyewataka hakuwa na budi kuwafuata kwa miguu. Hivyo Cigar alikuwa amejua mbinu za kazi ya kale na ya mpya pamoja.

Mambo aliyofunzwa Selous kwake yalikuwa ya namna ambayo haionekani katika picha za wawindaji. Kutoka alfajiri na kushika unyayo uliopita usiku. Kujua kwa mavi ya tembo, kwa majani yaliyotafunwa na kwa umande uliokung'utwa kwamba kundi limepita saa ngapi. Kuupima upepo daima. Kuvua kila kisichotumika: Selous asema aliwinda bila suruali, amevaa shati, kofia na viatu tu, akichukua mwenyewe gobori lake, mfuko wa baruti na risasi ishirini. Magobori hayo, yaliyofanyizwa na Hollis wa Birmingham, yaliuzwa pauni sita kila moja. Risasi nne zilitimiza uzito wa ratili moja, na baruti ilitiwa kwa ganja la mkono. Mateke yake yalikuwa makali hata Selous akakiri baadaye kwamba yalimharibu mishipa, na kumdhuru katika kulenga kwa silaha nyingine maisha yake yote. Siku moja mchukuzi wake alilishindilia gobori mara mbili. Lilipolia, lilimwinua Selous na kumtupa chini, likamwacha na jeraha la uso. Kwa silaha za namna hiyo, kati ya 1872 na 1874, aliua tembo 78, wote kwa miguu isipokuwa mmoja.

Hesabu hiyo leo yasomwa kwa uchungu, na ni haki isomwe hivyo. Walakini kwa mtafiti wa habari hizi lenye thamani zaidi ni yale mwandishi ayasemayo juu ya Cigar. Amsifu kwa wembamba, wepesi na ustahimilivu wake wa ajabu. Asema walikula chakula kimoja na kulala pamoja. Tena asema kwamba wakilikuta kundi, Cigar alimwachia yeye kupiga kwanza, na kwamba kijana alipoanza kufaulu mwalimu hakumwonea wivu, bali alimfurahia na kumhimiza. Haya si maneno yapatikanayo sana katika vitabu vya siku zile. Mwinda mzoefu ampaye mwanafunzi shabaha ya kwanza ajinyima pembe, na pembe ndizo zilizokuwa mshahara wake.

Hata hivyo sifa ile ina mpaka wake, na mpaka huo umo katika sarufi ya sentensi yenyewe. Selous amsifu Cigar kwa kumtenga na watu wa kabila lake: ni mwema kwa kuwa si kama wao. Mwanafunzi amekubali kuwa chini ya mtu mmoja. Hajakubali kwamba ujuzi wa mtu huyo una chimbuko katika watu waliokuwa wakisoma nyayo katika nchi zile vizazi na vizazi. Unyenyekevu wa namna hii ni wa kweli, lakini ni mfupi.

Msimu ulipokwisha Selous alirudi kwa Lobengula na pembe za ratili 450 zilizokuwa za tembo aliowaua mwenyewe. Mfalme akamwambia kuwa sasa ni mwanamume, akamwuliza ataoa lini. Kwa yaliyoelezwa juu, swali hilo la kuoa si porojo: aliyemwita umfana ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kumtoa katika cheo hicho.

Yaliyofuata yajulikana. Mwaka 1890 Selous, kwa kuwa aliyajua mapito kuliko Mzungu mwingine ye yote, aliongoza msafara wa watu wa Cecil Rhodes kuingia Mashona. Na mwaka 1893 alipigana upande wa Waingereza katika vita vilivyoupindua ufalme wa Lobengula. Njia alizozionyesha ni zile alizoruhusiwa kupita alipokuwa "mtoto tu". Waandishi wa maisha yake, tangu Millais mwaka 1918, husimulia mambo haya mawili katika sura mbalimbali, kana kwamba ni ya watu wawili.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia aliletwa Afrika ya Mashariki na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, akiwa amepita miaka sitini, umri wa baba kwa askari wengi aliokuwa nao. Aliuawa kwa risasi Beho Beho, kaskazini ya Rufiji, tarehe 4 Januari, 1917, na huko huko akazikwa. Mwaka 1922 hifadhi ya wanyama ya nchi ile iliitwa kwa jina lake, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kaburi la Beho Beho lingalipo.